Kufufua Land Cruiser Kuukuu kwa Safari za Familia: Pa Kuanzia

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Kakola hadi Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, na kuendelea hadi Geita, magari ya kazi hayafi upesi. Gari lililobeba wachimbaji na mapipa ya dizeli kwa miaka mingi huuzwa kwa mkandarasi mdogo, kutoka kwake huenda kwa mfanyabiashara wa mpunga, na hatimaye huegeshwa chini ya mwembe likisubiri mtu wa kusema: hili nitalifufua. Mara nyingi ni Land Cruiser ya toleo la 70, lililoanza kutengenezwa mwaka 1984. Land Rover 110 nazo zipo, nyingine zikiwa na injini ya Toyota tumboni.

Nia ya mnunuzi huyo ni njema. Anataka kuwapeleka watoto Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, au kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 na kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Au anataka tu kufika kwa bibi wakati wa mvua bila kunasa kwenye udongo mweusi wa mbuga. (Anayewaza Kisiwa cha Rubondo ajue kwamba gari litabaki nchi kavu, huko huvukwa kwa boti.) Wengi huanza na rangi, matairi makubwa na taa za juu ya paa. Sisi tunamshauri mlaji aanze na karatasi, kisha chesisi, kisha breki. Rangi ije mwisho, kama fedha zitakuwa zimebaki.

Karatasi kabla ya injini

Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hubeba namba ya chesisi, namba ya injini, rangi ya gari na jina la mmiliki. Usitoe hata kishika uchumba kabla hujazilinganisha namba hizo na gari lenyewe. Kibati kilichopigiliwa ndani ya chumba cha injini hakitoshi, kwa kuwa kibati hung'olewa na kupachikwa kingine. Namba ya kuaminika zaidi ni ile iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi yenyewe, ambayo kwenye Land Cruiser nyingi ipo upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Isugue kwa brashi ya waya. Ukikuta tarakimu zisizolingana kwa ukubwa, alama za kusagwa au chuma kilichochomelewa kuizunguka, acha biashara hiyo.

Kubadili injini si kosa. Tatizo huwa ni injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa. Ikiwa namba ya injini haifanani na ya kwenye kadi, muuzaji ndiye anayepaswa kuonesha hati za injini hiyo na kurekebisha kumbukumbu TRA kabla ya mauzo. Mnunuzi anayeambiwa kwamba atarekebisha mwenyewe baadaye anauziwa gari pamoja na kazi ya mwenziwe. Kanuni ya sheria ya uuzaji wa bidhaa ni kwamba asiye mmiliki, wala hakutumwa na mmiliki, kwa kawaida hawezi kukuhamishia umiliki. Gari la wizi likikamatwa, risiti zako za fundi hazitakurudishia hata bolti moja.

Jambo jingine ambalo katika eneo hili la migodi na miradi hatuwezi kulipita ni msamaha wa kodi. Baadhi ya magari huingizwa nchini kwa msamaha: ya kampuni, ya taasisi za dini, na ya miradi ya wafadhili yenye namba za DFP. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, gari la namna hiyo likihamishiwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru uliosamehewa hudaiwa. Bei ya chini inayoshangaza mara nyingine ina maelezo haya na si mengine. Omba uoneshwe ushahidi kwamba kodi imelipwa, kisha uuthibitishe katika ofisi ya TRA kabla ya kulipa.

Anayenunua mnadani atakutana na sharti la kuuziwa gari "kama lilivyo na mahali lilipo". Maana yake ni kwamba kasoro ambayo ungeiona kwa kulikagua, kwa kawaida umeikubali. Nenda siku ya kukagua, tena uende na fundi wako, si fundi aliyeletwa na muuzaji.

Chuma na saa za injini

Chesisi ni fremu ya chuma inayobeba gari zima. Vumbi letu jekundu likichanganyika na tope hukaa ndani yake na kushika unyevu, kutu ikaanza mahali pasipoonekana. Ligonge chuma kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya kufa. Kagua hasa sehemu zinazoshika springi na boksi ya usukani, maana gari lililozidishiwa mzigo kwa miaka mingi hupata nyufa huko. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa chini ya gari juzi si sifa. Uliza inaficha nini.

Usitishike wala usifarijike na kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi. Gari la mgodini huweza kusimama likinguruma saa nyingi kwa siku bila kuongeza hata kilometa moja, huku injini ikichakaa kama kawaida. Injini ya 1HZ, ile ya dizeli yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2 iliyoanza kutumika mwaka 1990, inasifiwa kwa uvumilivu, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini ina mkanda wa taimingi ambao hauna uvumilivu wowote. Ukikatika gari likiwa linakwenda, vali hugongana na pistoni, na ukarabati wake ni wa gharama kubwa. Kama muuzaji hana kumbukumbu ya lini mkanda ulibadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa, na uuweke katika bajeti ya siku ya kwanza.

Makubaliano na fundi

Tuchukue mfano, ambao ni wa kubuni. Mwalimu wa Kharumwa ananunua Land Cruiser na kumkabidhi fundi shilingi milioni 4 taslimu ili "alifanye jipya". Baada ya miezi mitano anakuta rangi inang'aa, viti vimeshonwa, taa za paa zinawaka. Breki ni zilezile, na mafuta yanavuja kwenye gurudumu la nyuma. Fundi anasema fedha ziliishia kwenye bodi. Mwalimu anasema alidhani breki zimo.

Wote wawili huenda wanasema kweli, na hapo ndipo penye shida: "kulifanya jipya" ni maneno yasiyopimika. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na wa udanganyifu katika biashara, na mtoa huduma anatarajiwa kufanya kazi kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Lakini anayelalamika lazima aoneshe waliahidiana nini. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Uandikwe namba ya gari, kazi moja baada ya nyingine, nani ananunua vipuri, bei ya kila kazi, tarehe ya kumaliza, na sahihi za pande zote mbili mbele ya shahidi. Lipa kwa awamu, kila awamu ikifuata kazi iliyokamilika na kuonekana. Breki na usukani viwe awamu ya kwanza. Fundi mzuri haudhiki kwa utaratibu huu, kwa sababu unamlinda yeye pia dhidi ya mteja anayeongeza kazi kila Jumamosi na kuikataa bei siku ya mwisho.

Dai urudishiwe kila kipuri kilichotolewa. Ni njia rahisi kuliko zote ya kujua kama kimetolewa kweli.

Kuhusu vipuri vipya, dai risiti ya kielektroniki yenye jina la kipuri. Risiti iliyoandikwa "spea" pekee haitakusaidia. Bidhaa bandia zimekatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na pedi za breki au bolijointi bandia hazimtii mtu hasara tu, bali zinaweza kumuua. Kagua maandishi ya boksi, uzito wa kipuri na namba yake, ukilinganisha na kile cha zamani. Kipuri cha kampuni nyingine kinachouzwa kwa jina lake chenyewe si bandia, na kinaweza kuwa kizuri kwa bei nafuu. Bandia ni kile kinachojifanya kuwa kingine.

Kuboresha bila kuharibu

Watu wengi hupenda kuliinua gari kwa kuongeza majani ya springi na kufunga shokapu ndefu. Kuna jambo ambalo mafundi wachache humweleza mteja. Land Cruiser nyingi za zamani zina vali juu ya ekseli ya nyuma, iliyounganishwa na fimbo, inayopima gari limelemewa kiasi gani na kugawa nguvu ya breki ipasavyo. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha fimbo hiyo, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma, wakati nyuma wamekaa watoto wanne na mizigo ya siku tatu. Mtelemko wa kwanza wenye kokoto ndiyo siku ya kulijua hilo. Muulize fundi wako kuhusu vali hiyo kwa kuigusa. Asipoijua, tafuta mwingine.

Breki zenyewe zifanyiwe kazi kamili: pedi na shuu, mipira inayopitisha mafuta, masta silinda, na mafuta mapya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yenye maji huchemka mapema kwenye mtelemko mrefu, kanyagio likazama hadi chini.

Matairi makubwa kupita ya kiwandani hupunguza nguvu ya breki na kuifanya spidomita isome chini ya mwendo halisi. Kabla ya kununua tairi, tafuta herufi DOT ubavuni: namba nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu linaweza kuwa zee lililokaa stoo. Ringi za vipande, zenye pete ya kufungia, zisijazwe upepo mtu akiwa amesimama mbele yake. Pete ikiruka huua.

Viti vya nyuma vinavyotazamana vilikuwa vya wafanyakazi. Kwa watoto, funga viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda, bolti zake zipite hadi kwenye chuma kinene zikiwa na bamba chini yake. Bolti iliyofungwa kwenye bati la sakafu peke yake itang'oka na kiti. Keria ya juu ibebe vitu vyepesi: madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40, na kilo hizo zikiwa juu ya paa hulivuta gari kupinduka. Taa za ziada zifungwe na fyuzi yake, maana waya usio na fyuzi unaosuguana na chuma ni moto unaosubiri barabara mbovu.

Ukibadili rangi, injini au umbo la bodi, peleka taarifa TRA. Na jirani akianza kukulipa nauli ya kumfikisha mnadani, gari limeingia katika biashara ya usafirishaji, ambayo ina leseni yake kutoka LATRA.

Ukiona umedanganywa, mwandikie kwanza muuzaji au fundi, ukitaja kasoro na siku utakazomsubiri. Asipojibu, leta nakala ya barua hiyo, makubaliano, risiti na picha katika ofisi ya Tume iliyo karibu nawe. Kwa Kanda ya Ziwa ni Mwanza. Vipuri vya zamani usivitupe.

Gari likishatoka gereji, usilipeleke moja kwa moja hifadhini. Nenda nalo Geita na kurudi likiwa na dereva peke yake, kisha lirudie safari hiyo na mzigo kamili bila watoto. Kila unaposimama, chungulia chini kama kuna tone, na sogeza mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu bila kukigusa. Kimoja kikiwa na joto kuliko vingine vitatu, breki yake inabana au beringi yake imechoka. Rudi kwa fundi na ile karatasi yenye sahihi yake, na awamu ya mwisho ya malipo iendelee kubaki mfukoni mwako.