Picha ya Televisheni Ina Ukungu: Tuanzie Wapi?

Ndugu wasomaji, huenda mtashangaa kutuona mara hii tukizungumzia televisheni mahali ambapo mmezoea kusoma habari za malaria, lishe ya watoto na presha. Tuvumilieni kidogo. Tulialikwa katika nyumba moja ya Rasbura, hapa Lindi mjini, ambako televisheni mpya ilikuwa imeleta ugomvi, na tulipotoka huko tukaona kwamba jambo lenyewe ni la ukurasa huu hasa.

Familia hiyo ilikuwa imeuza ufuta. Baada ya kulipa madeni na mahitaji ya shule ikanunua televisheni bapa ya inchi 43, ya picha za ubora wa juu, zile zinazoandikwa HD kwenye boksi. Babu wa nyumba hiyo, mzee aliyepita miaka 70, ndiye aliyeisubiri kuliko wote, kwa ajili ya taarifa ya habari na mpira. Tangu siku ya kwanza akasema picha ina moshi. Wajukuu wakamwambia, "Babu, mbona picha ni safi?" Yeye akashikilia neno lake. Fundi akaitwa mara mbili, akalipwa mara mbili. Mwanawe akapandisha mwanga wa kioo hadi mwisho ili baba aone vizuri, na mama wa nyumba akaanza kulalamika kwamba macho yanamwasha na kichwa kinamgonga. Mtoto wa darasa la 3 naye kila jioni alivuta mkeka mpaka karibu na kioo, na kila jioni alifokewa.

Watu wote walikuwa wanatafuta kosa moja, kumbe yalikuwa zaidi ya moja, na si yote yaliyokuwa ndani ya televisheni.

Kwanza tukumbushane jambo ambalo wengi wetu tuliokulia kwenye televisheni za zamani hatujalizoea. Huku Bara vituo vya televisheni vilianza miaka ya 1990, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa na yao ya rangi tangu miaka ya 1970. Katika mitambo ile ya analojia mawimbi yakipungua picha ilijaa chenga, na kadiri yalivyopungua ndivyo chenga zilivyozidi. Mtu alipanda juu ya bati kuzungusha antena huku mwenzake akipiga kelele kutoka ndani, "Hapo hapo! Aa, umepitiliza!" Mitambo hiyo ilianza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, tukaingia katika dijitali na ving'amuzi. Dijitali haina chenga. Mawimbi yakitosha, picha ni kamili. Yasipotosha, picha hukatika vipande vipande, huganda, au hutoweka kabisa.

Hivyo basi, picha ikikatika na kuganda, tazama nje, kwenye dishi. Picha ikiwa imetulia lakini haina makali, usimpandishe fundi juu ya bati, maana kosa liko kwenye waya au kwenye mipangilio ndani ya nyumba. Na picha ikiwa nzuri kwa watu watano na mbaya kwa mmoja, hapo televisheni haina kesi ya kujibu.

Tuanze na dishi. Setilaiti zinazoturushia matangazo ziko juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Sisi wa Lindi tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi 10, kwa hiyo madishi yetu hutazama upande wa kaskazini, mengine yakiinamia magharibi kulingana na setilaiti, na yanatazama juu sana. Wenzetu wa Ulaya yao husimama karibu wima. Ya kwetu yamelala chali kiasi, na ndiyo maana majani ya mwembe na uchafu wa ndege hukaa ndani yake. Dishi lisafishwe. Mnazi uliokuwa mfupi dishi lilipofungwa huenda leo umefika njiani. Mvua kubwa inapopiga na picha ikakatika, subirini tu, kwa sababu matone ya mvua humeza mawimbi, na mvua ikipita picha itarudi yenyewe. Fedha nyingi za mafundi hutolewa wakati wa mvua bila sababu.

Adui mkubwa wa hapa pwani ni chumvi. Upepo wa bahari hupeleka chumvi kwenye kile kichwa kilicho mbele ya dishi, ambacho mafundi hukiita LNB, na mahali waya unapofungwa pakaliwa na kutu. Tulipofungua pale Rasbura tulikuta shaba imegeuka kijani. Kata kipande kilichoharibika, funga kiungio kipya, kisha zungushia utepe wa mpira usiopitisha maji. Kazi hiyo ni ya nusu saa, lakini afanye mtu mwenye ngazi imara na mwenzake wa kuishika. Watu wameanguka kutoka kwenye mabati wakitafuta picha.

Sasa tuingie ndani. Picha ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 2. Picha ya kawaida ya zamani ina 720 kwa 576, ambazo hazifiki hata laki 4 na nusu. Tofauti ni kama mara tano. Lakini nukta hizo milioni 2 lazima zipite kwenye waya, na hapo ndipo nyumba nyingi hukosea. King'amuzi huja na zile waya tatu za rangi nyekundu, nyeupe na njano. Nyekundu na nyeupe ni za sauti, njano ndiyo ya picha, na hiyo ya njano haiwezi kabisa kubeba HD. Ukiitumia unakuwa umenunua televisheni mpya ili kutazama picha ya zamani. Tumia waya mmoja wenye kichwa bapa uitwao HDMI. Kwa umbali wa mita moja na nusu waya wa bei nafuu hufanya kazi sawa na ule wa bei kubwa, kwa hiyo msikubali kushawishiwa dukani. Kisha fungua mipangilio ya king'amuzi uchague 1080. Kama king'amuzi chenyewe si cha HD, au chaneli unayoitazama hairushwi kwa HD, hakuna waya utakaoongeza kitu.

Nyumba ile ilikuwa na waya wa njano. Tulipobadilisha, wajukuu walipiga makofi. Babu alitazama, akanyamaza kidogo, akasema, "Wanangu, moshi bado upo."

Tuliendelea na mipangilio ya televisheni. Kiwandani huwekwa katika hali iitwayo "Vivid" au "Dynamic", ambayo ni ya kuvutia wateja ndani ya duka lenye taa nyingi. Sebuleni ni makali mno. Chagua "Standard" kwa mchana, na usiku "Movie" au "Cinema". Mara ya kwanza utaona kama picha imefifia na kuwa na unjano; ipe siku tatu, macho yatazoea. "Backlight" ndiyo taa ya kioo, nayo ndiyo ya kupunguza usiku. "Brightness" kazi yake ni weusi wa picha. Mtazame mtangazaji mwenye nywele nyeusi: zikionekana donge moja jeusi bila nyuzi, ongeza kidogo, weusi ukigeuka kijivu, punguza. "Sharpness" watu hupenda kuipandisha wakidhani itaongeza usafi, kumbe huchora tu mstari mweupe kuzunguka kila kitu. Ishushe. Na nyuso zikiwa pana kama zimekandamizwa, picha imevutwa kuliko umbo lake. Rudisha kipimo cha 16:9, na kwa vipindi vya zamani 4:3, mkubali ile mistari myeusi ya pembeni.

Mama aliyeumwa kichwa alipata nafuu kwa mambo mawili. Kioo kikali katika chumba chenye giza huchosha macho, kwa hiyo mwanga ulipunguzwa na taa ndogo ikawekwa nyuma ya televisheni. Tena mtu anapotazama kioo kwa muda mrefu hupepesa macho mara chache, machozi hukauka juu ya jicho, nalo huwasha. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu cha mbali, mlangoni au nje, apepese macho makusudi. Rasbura jua la asubuhi huja kutoka baharini na la jioni hutoka upande wa pili, hivyo televisheni isielekee dirisha wala isiwe na dirisha nyuma yake. Ukuta wa pembeni ndio mzuri.

Umbali je? Kwa picha ya HD kaa umbali wa mara moja na nusu hadi mbili na nusu ya kipimo cha kioo. Kwa inchi 43 ni futi 5 hadi 9 hivi, na kwa inchi 32 ni futi 4 hadi 7. Chaneli isiyo ya HD inapendeza ukirudi nyuma zaidi. Katikati ya kioo pawe karibu na usawa wa macho ya aliyekaa. Tunajua wazazi wengi huitundika juu karibu na dari ili watoto wasiiguse, na shingo za watu wazima ndizo zinazolipa. Afadhali iwe chini, lakini ifungwe ukutani kwa kamba au vyuma. Televisheni bapa ni nyepesi nyuma na mtoto anayejivuta kwenye meza huiangusha. Watoto wameumia vibaya, na wengine wamekufa, kwa njia hiyo.

Tumerithi onyo kwamba kukaa karibu na televisheni kunapofusha. Chanzo chake kimoja ni kwamba mwaka 1967 nchini Marekani baadhi ya televisheni za rangi ziligundulika kutoa mionzi kupita kiasi. Zile zilikuwa na mtungi wa kioo wenye umeme mkali. Za leo hazina mtungi huo wala mionzi hiyo. Mtoto anayevuta mkeka hadi kwenye kioo, basi, haharibiwi macho na kioo. Ila muulizeni anasogea kwa nini. Huyu wa darasa la 3 tulimwomba asome tarehe kwenye kalenda akiwa upande wa pili wa chumba. Hakuweza. Hata ubao wa darasani alikuwa haoni, na ripoti ya shule ilisema ni mvivu wa kuandika. Alihitaji miwani. (Kuhusu muda wa kutazama, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya mwaka 1 asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.)

Tukamrudia babu. Tulimwomba afunike jicho moja kwa kiganja, bila kulibonyeza, atazame mtangazaji, kisha abadilishe. Kwa jicho la kulia aliona umbo na mwanga tu. Kwa la kushoto aliona uso, lakini kama kupitia chandarua. Alikiri pia kwamba usiku taa za bodaboda humtawanyikia, na rangi nyeupe kwake ilikuwa imekuwa ya chai. Hizo ni dalili za mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho kupoteza uangavu wake. Hakuna kidonge wala tone linaloiondoa, na asali, maji ya majani au dawa ya jirani huleta kidonda juu ya tatizo. Tiba yake ni upasuaji mfupi, ambapo lenzi yenye ukungu hutolewa na kuwekwa ya plastiki.

Si kila ukungu ni huo. Aliyepita miaka 40 akiona picha imefifia, kwanza aangalie kama amevaa miwani ya kusomea. Hiyo ni ya karibu, nayo huharibu kila kitu cha mbali. Kuona kunakobadilika, leo vizuri kesho vibaya, kunaweza kutokana na sukari. Presha ya macho hula pembeni mwa picha taratibu bila maumivu, na kinachopotea hakirudi, kwa hiyo mwenye ndugu wa damu aliyepofuka nayo apimwe hata kama anaona vizuri. Weupe katikati ya mboni ya mtoto, au jicho lililopoteza nuru ghafla, ni jambo la siku hiyo hiyo. Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mtaelekezwa kwa mtaalamu wa macho.

Mzee hakutaka kusikia habari za kisu. Ilichukua miezi miwili, na aliyemshawishi si sisi bali mzee mwenzake aliyekwisha kufanyiwa. Jicho la kulia ndilo lililoanza. Tulipita kumjulia hali siku chache baadaye, tukamkuta amekaa mahali pake, televisheni ikiwa imewashwa. Tulipomwamkia aliitikia huku ananyoosha mkono kutaka rimoti.

"Marahaba. Hebu mwambieni huyu apunguze mwanga," alisema akimwonyesha mwanawe. "Unaniumiza."