Rangi, Majina na Ukimya: Mradi wa Picha za Safari wa Prokudin-Gorskii na Nafasi Yake Leo

1.0 Utangulizi

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Miongoni mwake imo habari ya Selim bin Abakari, aliyezuru Urusi na Siberia mwaka 1896. Wanafunzi wa nathari ya Kiswahili wanaifahamu. Pengine lisilofahamika sana kwao ni kwamba miaka 13 baada ya safari hiyo, nchi ileile ilianza kupigwa picha za rangi kwa mpango maalumu, na kwamba picha hizo zilikaa miongo mingi bila kuonekana na wengi. Makala hii inaeleza mradi huo, jinsi ulivyoibuka upya, na suala la kiisimu ambalo wachunguzi wa picha huligusia tu na kuliacha: suala la maelezo yaliyoandikwa kuandamana na picha.

2.0 Mradi na Mbinu Yake

Sergei Prokudin-Gorskii (1863–1944) alikuwa mkemia. Mwaka 1902 alijifunza upigaji picha za rangi huko Berlin kwa Adolf Miethe, na mwaka 1908 alimpiga picha Lev Tolstoi. Mwaka 1909 alionesha kazi zake mbele ya Mfalme Nikolai II, naye akampa behewa la reli lenye chumba cha giza, meli ndogo ya mvuke na hati za kuingia sehemu zilizokatazwa. Kusudio lilikuwa kupiga picha 10,000 katika miaka kumi. Kazi ilifanyika hadi mwaka 1915, ikafika Urali, Volga, Kaukazi na Turkestani. Mapinduzi ya mwaka 1917 yalipopita, mpiga picha huyo aliihama nchi mwaka 1918, na hatimaye akaishi na kufia Paris.

Mbinu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwani ndiyo iliyoamua ni nini kingeweza kupigwa picha. Filamu ya rangi kama tuijuavyo haikuwapo. Bamba moja refu la kioo lilipigwa picha tatu za mfuatano, kila moja kupitia chujio lake: buluu, kijani na nyekundu. Picha hizo tatu zilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi ilipatikana baadaye, pale zilipomulikwa kwa pamoja katika taa yenye lenzi tatu na machujio yaleyale, zikalaliana ukutani. Kwa hiyo kitu chochote kilichosogea kati ya picha ya kwanza na ya tatu kiliacha vivuli vya rangi vilivyoachana. Maji ya mto yana upinde wa mvua usiokuwapo, na mtoto aliyegeuza shingo ana nyuso tatu.

Matokeo yake ni kwamba mradi unaonesha dola iliyotulia. Wavunaji wamesimama na zana zao. Wasichana watatu wa kijijini wameshika sahani za matunda mwituni, hawajongei. Msomaji wa leo huvutiwa na utulivu huu na kuuita amani ya zamani. Kwa kweli sehemu yake ni sharti la kemia. Sehemu nyingine ni sharti la mfadhili: miaka minne tu kabla ya kazi kuanza, mwaka 1905, dola hiyo ilitikiswa na migomo na maasi, na hayo hayamo katika picha. Yaliyomo kwa wingi ni madaraja, reli na malango ya mifereji, yaani mambo yaliyoipendeza Wizara ya Uchukuzi.

3.0 Kufichika na Kuibuka

Mwaka 1948 Maktaba ya Bunge la Marekani ilinunua mkusanyo huo kutoka kwa wana wa marehemu. Ulikuwa na negativu 1,902 pamoja na albamu za picha za hudhurungi, ambamo kuna picha zaidi ya 700 ambazo negativu zake hazipo. Kwa zaidi ya nusu karne waliozitumia walikuwa wachache. Mwaka 2001 maonesho ya picha 122 zilizounganishwa kwa kompyuta yaliwashangaza watazamaji, na mwaka 2004 ikaagizwa programu ya kuziunganisha negativu zote.

Hapa wahariri wa miswada watatambua jambo wanalolijua. Picha ya rangi tunayoiona leo haikuwahi kuonekana na mpiga picha wake katika hali hiyo. Kiwango cha wekundu wa vazi fulani kimeamuliwa na aliyeunganisha, kama vile mhariri wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu anavyoamua, pale alama moja inaposimamia irabu mbili, kama neno lisomwe kwa /e/ au kwa /i/. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi kabisa, lakini ni usomaji. Inafaa negativu tatu zichapishwe karibu na picha iliyounganishwa, sawa na mswada kuchapishwa karibu na unukuzi wake.

4.0 Maelezo ya Picha

Albamu zina maelezo ya Kirusi, nayo ndiyo hazina kwa mwanaisimu. Mlinzi mmoja wa lango la mfereji, Pinkhus Karlinsky, ametajwa kwa jina, umri wa miaka 84 na utumishi wa miaka 66. Kalganov wa kiwanda cha Zlatoust ametajwa pia, na Amiri wa Bukhara, Alim Khan, ametajwa kwa cheo chake. Wale wasichana wa matunda hawana jina. Aghalabu anayetajwa ni mtawala au mtumishi wa kazi ya dola. Wengine ni mfano wa kabila au wa kazi.

Majina ya makabila yenyewe yamebadilika. Katika Kirusi cha wakati ule "Wakirgizi" walijumuisha watu tunaowaita leo Wakazaki. "Wasarti", wakazi wa miji ya Turkestani, walifutwa kama kundi katika miaka ya 1920, na wengi wakahesabiwa kuwa Wauzbeki. Yekaterinburg iliitwa Sverdlovsk kuanzia 1924 hadi 1991. Makao ya watawa ya Leushino, yaliyopigwa picha mwaka 1909, yalifunikwa na maji ya bwawa la Rybinsk katika miaka ya 1940. Anayetafsiri maelezo hayo hana budi kuchagua: ahifadhi neno la zamani au aweke la sasa? Kubadilisha bila kudokeza ni kuifuta historia ya neno. Kuhifadhi bila ufafanuzi ni kumpotosha msomaji. Njia ifaayo, hata kama inachosha, ni kuyaweka yote mawili, kila moja na tarehe yake.

Suala hili si la Urusi pekee. Picha za studio na kadi za posta za Zanzibar za mwanzoni mwa karne ya 20 nazo ziliuzwa kwa maelezo ya lugha za Ulaya, ambamo mwanamke aliyevaa kanga ni "mwanamke wa Kiswahili" tu. Zinapoingizwa katika orodha za dijitali, maelezo hayo ya muuzaji huweza kugeuka kuwa anwani rasmi. Mtafiti anayetafuta jina la kanga, la mtindo wa kusuka nywele au la mtaa hatazifikia, ingawa vitu hivyo vimo pichani mbele ya macho yake, na wazee wa Ng'ambo na Mji Mkongwe wawezao kuvitaja wanazidi kupungua.