Mazombi wakikuja, makumbusho itatulinda?

Wandugu, mu filamu za mazombi watu wanakimbilia kwanza maduka makubwa. Miye ningechagua makumbusho. Juu ya nini? Kuta zake ni nene, milango michache, na vyombo vya zamani havingoji umeme wala mafuta. Wenye kutunga The Walking Dead waliliona: mu sehemu moja ya 2018, wahusika wanaingia makumbusho ya Washington, wanatoka na jembe la kukokotwa, gari la farasi na mtumbwi. Bunduki hailimi!

Lakini kuishi mule ndani njo shida. Jeshi la Ujerumani lilipozingira Leningrad, kuanzia Septemba 1941, watu karibu 2000 walijificha mu vyumba vya chini ya makumbusho ya Ermitage. Picha nyingi zilishapelekwa mbali kwa treni. Fremu tupu zilibaki ukutani. Jumba lilipigwa mabomu, halikuanguka. Njaa ndiyo iliingia: walichemsha gundi ya seremala, wakala. Wengi walikufa. Mwaka 1942, baridi ilipoisha, wafanyakazi waliobaki walichimba bustani ya maua ya jumba lile, wakapanda mboga.