Land Rover ya Marehemu: Iwe Sufuria au Ingurume Tena?

JE, msomaji, kule kwenu mashambani hakuna gari la marehemu babu ambalo kuku wamelifanya kiota?

Katika boma moja hapa Zombe, mashariki mwa mji wa Kitui, lipo. Ni Land Rover ya Series III, nambari zake zikiwa zile za zamani za herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho. Magurudumu yamezama mchangani.

Wana wa marehemu wamegawanyika. Mmoja ataka iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu ili karo ipatikane. Mwenzake aapa kwamba itanguruma tena. Mama yao, Mwaitu kama wamwitavyo kwa Kikamba, ambaye alikimbizwa hospitalini kujifungua ndani ya gari hilo hilo, hajatia neno.

Mnunuzi ana haraka, na sababu aijua. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua kilikuwa adimu. Bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Aluminiamu ndiyo hiyo ambayo mafundi wa jua kali huyeyusha wakaunda sufuria. Gari lililobeba wagonjwa laweza kuishia mekoni likichemsha muthokoi!

Ukitaka kuona magari ya kale ya Kiingereza yanavyoweza kutunzwa, nenda Ngong Racecourse, Nairobi, siku ya Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1970 na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo. Huko Jaguar na MG hung'aa utadhani zimetoka kiwandani jana, na waamuzi hukagua injini, viti, hata uvunguni.

Lakini usidanganywe na mng'aro. Kabureta mbili za MG zisipopatanishwa, injini hukohoa kama mwenye pumu. Spana za milimita ulizo nazo hazitashika nati za Waingereza, ambazo hupimwa kwa inchi. Isitoshe, katika mengi ya magari yao ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Fundi asiyejua hilo akikutilia redio, utanusa moshi kabla ya muziki.

Zombe ina heri yake. Ukavu wake hauli chuma upesi kama hewa ya chumvi ya Mombasa. Hata hivyo, jua hupasua mipira, na mchwa nao hawana adabu. MG za aina ya T, zilizoanza kuundwa mwaka 1936, zina fremu ya mbao chini ya mabati. Mimi nisingethubutu kuegesha moja Ukambani.

Basi ukilikuta gari la namna hii, usiligeuzie ufunguo. Mwaga petroli iliyooza. Toa plagi, mimina mafuta kidogo ya injini katika kila silinda, ngoja siku kadhaa, kisha uizungushe injini kwa mkono. Kwa Jaguar au Morris, pitisha sumaku kwenye bodi. Isiponata, chini ya rangi kuna puti. Kwa Land Rover sumaku haitakusaidia, maana aluminiamu haivutwi. Lala chini uidunge fremu kwa bisibisi, kwani hiyo ni chuma, na ndiyo iozayo. Breki nazo zifunguliwe zote kabla ya safari ya kwanza, hata kama ni ya kwenda sokoni tu.

Kuna jambo jingine ambalo wale ndugu hawakulifikiria. Kitabu cha gari kimeandikwa jina la marehemu. Kabla ya mahakama kuidhinisha urithi, hakuna kati yao awezaye kuliuza kihalali wala kulihamishia jina lake. Mnunuzi hakukiulizia kitabu hicho hata mara moja, na hapo ndipo Mwaitu alipoinuka, akaingia nyumbani, akatoka nacho kikiwa kimefungwa kwa kitambaa. Alikuwa amekiweka sandukuni miaka yote.

Karo ilipatikana kwa kuuza mbuzi watatu. Nilipoondoka, yule aliyetaka kuuza ndiye aliyekuwa ameinamia injini akimimina mafuta, nduguye akishika tochi. Mwaitu aliuliza swali moja tu: kuku wake sasa watataga wapi?