MLINZI BANDIA NDANI YA KOMPYUTA

Mwezi Februari mwaka 2010 watu waliojifanya wakala wa matangazo waliliendea gazeti la Star Tribune la mjini Minneapolis, Marekani, wakadai kwamba wanaiwakilisha kampuni ya mahoteli itakayo kutangaza biashara yake katika tovuti ya gazeti hilo. Mafundi walilipima tangazo, wakaliona halina kasoro, likapewa nafasi. Lilipokwisha kuingia, wenyewe waliibadili programu yake kwa siri. Tangu hapo msomaji aliyefungua tovuti hiyo aliona kompyuta yake ikiganda, kisha maonyo yakifuatana katika kioo kumtaka anunue programu ya kuzuia virusi kwa dola 49.95. Aliyelipa, mashine yake ilifunguka. Aliyekataa hakuweza tena kuzifikia kumbukumbu zake.

Askari aliyewahi kushika zamu langoni ataitambua mbinu hii: mgeni hukaguliwa akaonekana safi, na silaha huipokea akiwa ndani tayari.

Hizo ndizo programu bandia za ulinzi. Hazilindi chochote, kazi yake ni kutisha ili zilipwe. Nazo si biashara ya vijana wachache wenye utundu. Mwezi Desemba mwaka 2008 serikali ya Marekani ilifungua mashtaka dhidi ya kampuni zilizouza WinFixer, XP Antivirus na nyinginezo za jamii hiyo, ikieleza kwamba watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamedanganywa kuzinunua. Hukumu ya mwaka 2012 ilitaja dola milioni 163.

Basi mlinzi huyu atatambulikanaje, ikiwa amevaa sare ileile, ana ngao ileile, na jina lake linakaribiana na la mlinzi wa kweli? Swali la kwanza ni lile liulizwalo langoni: nani amekupanga hapa? Programu ya kweli iliwekwa na mwenye kompyuta au na fundi wa ofisi, na jina lake linajulikana. Ikiwa onyo limetokea ghafla ulipokuwa ukisoma habari au ukitafuta matokeo ya mpira, tena likaleta jina usilolijua, hilo latosha kukutia shaka. Angalia pia mwendo wake. Kuikagua kompyuta nzima huchukua muda mrefu. Yule bandia husema ameona virusi mamia kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Kisha hukuharakisha: saa ya kuhesabu dakika, king'ora, namba ya simu ya kupiga sasa hivi, na mwisho wake namba ya kadi ya benki. Haraka hiyo ndiyo silaha yake kubwa, maana mtu aliyepewa nafasi ya kufikiri hatalipa.

Onyo likitokea, usibofye kitu chochote ndani yake, hata kile kialama cha kufungia, kwani pengine dirisha lote ni kitufe kimoja kilichochorwa. Toa waya wa mtandao au zima Wi-Fi. Andika katika karatasi saa, jina la programu, kiasi inachodai na namba inayotaka ipigiwe. Haya ni ushahidi, na polisi hahitaji kufundishwa thamani yake.

Ikiwa kompyuta ni ya kikosi au ya kituo, ishia hapo, ukatoe taarifa. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tumfikirie koplo aliyekuwa akitazama mambo yake binafsi katika mashine yenye majalada ya kesi. Aibu humshika, akalipa kimya kimya kwa fedha yake mwenyewe, onyo likatoweka, naye akadhani amejiokoa. Kumbe amewapa wezi namba ya kadi yake, na amewaachia mtu wao ndani ya chumba cha kumbukumbu. Wakubwa nao wanaombadilisha mtoa taarifa kuwa mtuhumiwa wajue kwamba mara nyingine hawataambiwa.

Kompyuta ikiwa ni yako, endelea. Bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Itatokea orodha ya programu zinazofanya kazi. Chagua kile kivinjari ulichokuwa ukitumia, ukisimamishe. Ukikifungua tena, usikubali kikurudishie kurasa za awali. Mara nyingi mambo huishia hapo, kwa kuwa lilikuwa picha tu ya ukurasa, wala hakuna kilichoingia.

Likirudi baada ya kuwasha mashine upya, basi adui yumo ndani. Windows 10 na 11 zina ukaguzi uitwao Microsoft Defender Offline. Mashine hujizima, ikajiwasha na kujikagua kabla Windows haijaamka, na kwa hiyo kabla yule bandia hajaamka kujitetea. Kazi hiyo huchukua kama dakika 15. Ikishindikana, mpe fundi aifute diski na kuweka upya kila kitu kutoka katika nakala safi. Uliyekwisha kulipa, wahi benki kuifunga kadi, na ubadili maneno yako ya siri kwa kutumia mashine nyingine.

Simu za mkononi hazikusalimika. Mwaka 2014 programu iitwayo Virus Shield iliuzwa katika duka la Google kwa dola 3.99, ikachukuliwa zaidi ya mara 10,000. Ilipochunguzwa ilionekana haina kazi ila kubadili alama ya mkasi kuwa alama ya vema.

Tukirudi kwa wale wa Minneapolis, mwezi Juni mwaka 2011 polisi wa nchi kumi na mbili walifanya msako wa pamoja na kukamata kompyuta zaidi ya 40. Peteris Sahurovs, raia wa Latvia, alikamatwa kwao mwaka huohuo, akaachiwa na mahakama, akatoroka. Marekani iliahidi hadi dola 50,000 kwa atakayesaidia akamatwe. Alipatikana Poland mwaka 2016, akapelekwa Marekani mwaka 2017, akakiri kosa, na mwezi Agosti mwaka 2018 akahukumiwa kifungo cha miezi 33.