Je, Wajua? Upondo Ulioingia Kwenye Kung Fu

Kuna silaha ya Wing Chun, mtindo wa kung fu aliojifunza Bruce Lee, ambayo mwendesha mtumbwi wa Mto Lualaba pale Kindu asingeishangaa: upondo. Masimulizi ya kusini mwa China husema waigizaji wa opera waliosafiri mitoni kwa majahazi mekundu waliugeuza mti wa kusukumia chombo kuwa silaha. Mafunzo yake huitwa Luk Dim Boon Kwun, yaani mti wa nukta sita na nusu.

Mtindo wenyewe husemwa ulibuniwa na mtawa wa kike, Ng Mui, aliyemfundisha binti Yim Wing Chun kumshinda mkorofi aliyetaka kumwoa kwa nguvu. Hadithi tamu, lakini ni hadithi. Anayejulikana vizuri ni Ip Man, mzaliwa wa Foshan mwaka 1893, aliyeanza kuufundisha Hong Kong mwaka 1950 na kufariki 1972.

Usitarajie mateke ya kuruka ya sinema. Katika Wing Chun hulindwa mstari wa katikati ya mwili, na ngumi hupita kwenye mstari huohuo, fupi, mfululizo. Zoezi lake kuu ni chi sao, mikono inayonata: wawili hugusanisha mikono, mmoja akisukuma, mwenzake hulegea, kisha huingia penye upenyo. Wazoefu hulifanya wamefumba macho.

Ukivuka Lualaba, mtazame anayepiga pondo, uikumbuke silaha ile.