Karani akiondoka na neno la siri la kompyuta

MSIMU wa mbolea na mbegu ndipo mwenye duka la pembejeo anapojua thamani ya kompyuta yake. Madeni ya wakulima, mifuko iliyobaki stoo na hesabu za wauzaji wa jumla, vyote vimo humo. Karani akiacha kazi bila kukabidhi neno la siri, mwenye mali anabaki akitazama kioo kinachomwuliza asichokijua.

Wengi hukimbilia kwa fundi, naye huwa na jibu la haraka: Windows ipigwe upya. Kompyuta itafunguka kweli, lakini orodha ya madeni inaweza kufutika. Mkulima aliyekopa mifuko kumi akisema alichukua minne, hakuna wa kumbishia.

Enzi za Windows XP kazi ilikuwa rahisi. Ndani yake mlikuwa na akaunti ya msimamizi iliyojificha, na mara nyingi haikuwekewa neno la siri, hivyo fundi mjanja aliingia bila jasho. Na mwizi pia. Mlango huo umefungwa katika matoleo ya baadaye.

Siku hizi cha kwanza ni kumpigia simu karani mwenyewe, hata kama mliachana vibaya. Asipopatikana, itazamwe kama ipo akaunti nyingine yenye mamlaka ya msimamizi, kwani hiyo inaweza kumbadilishia mwenzake neno la siri. Katika Windows 10 na 11, akaunti iliyofunguliwa kwa Microsoft hurejeshwa kupitia intaneti, kwa ujumbe unaotumwa kwenye simu au barua pepe iliyoandikishwa. Tatizo ni kwamba katika maduka mengi namba iliyoandikishwa ni ya karani.

Yote yakishindikana, fundi aichomoe diski, aiunganishe na kompyuta nyingine na kunakili mafaili kabla ya kufuta chochote. Diski iliyofungwa kwa BitLocker haisomeki hivyo. Inadai ufunguo wa tarakimu 48. Fundi naye asione haya kudai risiti ya kompyuta, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa.

Kinga yake ni nafuu kuliko bei ya mfuko mmoja wa mbolea. Mwenye duka awe na akaunti yake ya msimamizi, na namba iliyoandikishwa iwe yake. Karani apewe akaunti ya kawaida, inayotosha kuuza na kuandika, lakini haiwezi kumfungia tajiri wake nje. Neno la siri na zile tarakimu 48 viandikwe, vitiwe katika bahasha iliyogundishwa na kuwekwa pamoja na leseni ya biashara. Kila Jumamosi hesabu zinakiliwe kwenye flashi, nayo ilale nyumbani, si dukani. Na siku karani anapopokea mshahara wake wa mwisho, neno la siri libadilishwe kabla hajatoka mlangoni.